Sikio la Mwalimu Ambokile

Mara ya nne! Sekela alipotua sanduku lake la vipimo barazani kwa Mwalimu Ambokile, hakutamani hata kusalimia. Alitamani akae palepale kwenye ngazi alie. Mara ya kwanza alisogeza spika zote mbili hatua nzima kutoka ukutani, maana besi ilikuwa ikijazana kwenye pembe za sebule na kuvuma kama ng'ombe aliyecheleweshewa majani. Mara ya pili alitundika mablanketi mazito nyuma ya kiti na kutandika mkeka juu ya marumaru. Mara ya tatu alipanda darini, mvua ya Tukuyu inamwagika kama imetumwa, akapachika sponji chini ya mabati yote ili kelele zisishuke. Kila alipoondoka, mzee alikuwa ameridhika. Na kila mara wiki haikuisha kabla simu haijalia.

"Zimerudi kulekule, mwanangu. Sauti ya kwanza haitoki. Nyembamba zote zimelala."

Hazitoki! Hizi ni spika za Mwangwi, zinazoweza kukusikilizisha kidole cha mpiga gitaa kikiteleza kwenye waya. Sekela alikuwa na leseni ya kutega spika, yaani kuzirekebisha ziendane na chumba, tangu miaka kumi na mmoja iliyopita, alikuwa amezitega kwenye majumba ya kuanzia Kyela mpaka Mbeya, na hakuna sebule iliyowahi kumtoa jasho kama hii.

Leo, zaidi ya hapo, hakukuwa na kesho. Saa kumi alasiri ilibidi ladha ya Mwalimu iwe imefika makao makuu ya shirika la Mwangwi. Ladha ndilo jina lililokuwa limeshika. Spika ziliishi na mtu miezi kadhaa, zikijifunza anapenda nini kizidi na nini kipungue, kisha ukichota ladha hiyo unaweza kuimimina katika spika nyingine popote pale, nazo zikaimba kama anavyopenda yeye. Makanisa sitini na mawili ya wilaya yalikuwa yamefungiwa spika mpya, na wote, wachungaji kwa wazee wa usharika, walikubaliana kwamba sikio la kufuatwa ni moja tu. Nani mwingine? Mwalimu Ambokile alikuwa amefundisha kwaya miaka arobaini na minne. Alikuwa na uwezo wa kukaa mbele ya watu themanini wanaoimba kwa pamoja na kumnyooshea kidole mmoja tu aliyeshuka nusu noti.

Sekela alilijua vizuri lile sikio. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili lilipomnyooshea kidole yeye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sekela mwanangu!" Mzee alijitokeza mlangoni, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, miaka sabini na tisa lakini mgongo bado umenyooka. "Leo umekuja na dawa, au umekuja na mablanketi tena?"

"Leo nimekuja na hasira, Mwalimu."

Mzee akacheka sana. Nyuma yake alikuwa amesimama Ikupa, binti yake mkubwa, mwenye nyumba, mwalimu wa hesabu aliyestaafu mapema ili amtunze baba yake. Ikupa hakucheka. Kama kawaida, alimshika baba yake mkono kabla hata Sekela hajafungua sanduku.

"Baba, twende ukaangalie parachichi zako. Vumbi la huyu fundi si zuri kwa kifua chako."

Wakaondoka, na Sekela akabaki peke yake na sebule.

Aliianza kazi upya, kwa kusaga meno. Akaizima ladha, kama kanuni inavyotaka, ili apime chumba chenyewe tu bila mapenzi ya mtu. Akasimamisha maikrofoni juu ya kile kiti cha mninga kilichokuwa katikati, pale mzee alipokuwa akikaa, akakimbiza mluzi wa kupimia. Ulianza chini kabisa, mngurumo wa kusikika tumboni zaidi ya masikioni, ukapanda taratibu, ukapita sauti ya mwanamume, ukapita ya mwanamke, ukapita ya ndege, ukapotelea huko juu ambako mbwa tu ndio wanaofuata. Mchoro ulipotokea kwenye kioo chake cha mkononi, ulikuwa umelala tambarare kama meza. Hakuna noti iliyozidi, hakuna iliyopungua. Ungeweza kuutundika mchoro ule chuoni wanafunzi wauige.

"Sasa unataka nini?" Sekela aliiuliza sebule kwa sauti. "Niambie basi, unataka nini kwangu?"

Akawasha ladha, akacheza kanda ya kwaya, akasimama kando ya kiti na kufumba macho. Palikuwa pazuri. Sauti ya kwanza ilikuwa na kamng'ao kidogo, basi. Ndivyo alivyofanya siku zote tatu zilizotangulia. Alisikiliza akiwa amesimama kando, kwa sababu kile kilikuwa kiti cha baba, na kiti cha baba hakikaliwi. Hakuna aliyewahi kumkataza. Hakuna aliyehitaji kumkataza. Hata wageni waliokuja kumwona mzee walijibanza watatu watatu kwenye kochi dogo, na kiti kile kikabaki kitupu mpaka mwenyewe atokee.

Lakini spika za Mwangwi hulenga. Humrushia mtu mmoja sauti yake kama mtu anavyommulika mwenzake tochi, na wa pembeni huambulia mwanga wa kando tu. Sekela alilijua hilo tangu chuoni. Alikuwa akiwaeleza wateja kila siku. Na mara tatu nzima, kwa adabu zake, alikuwa amesimama nje ya mwanga.

Alichungulia dirishani. Mzee na bintiye walikuwa mbali, kwenye miparachichi. Akaondoa maikrofoni, akakaa.

Akaruka akasimama, mikono masikioni. Zilikuwa sindano! Kila "s" ya wanakwaya ilikuwa wembe, kila sauti ya mwanamke ilimpasua kichwa katikati. Besi ilikuwa huko chini mbali, imesahaulika. Alijikaza akakaa tena, maana fundi ni fundi, akasikiliza mpaka machozi yakamtoka. Hakuna mtu duniani ambaye angependa kitu hiki.

"Ondoka hapo!"

Ikupa alikuwa mlangoni. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameogopa.

*

Sikio la mtu si shimo tu la kuingizia sauti. Ukilipigia noti, nalo hujibu. Hutoa sauti yake lenyewe, ndogo mno kiasi kwamba mwenyewe haisikii, na mahali palipokufa ndani ya sikio hapajibu tena. Zamani madaktari walilazimika kumchomekea mtu kifaa sikioni ili wainase. Spika za Mwangwi ziliinasa kutoka upande wa pili wa chumba, na hiyo ndiyo siri ya kujua kwake ladha za watu. Zilikuwa haziulizi mtu anapenda nini. Zilikuwa zinaliuliza sikio.

Sekela alikuwa ameifungua ramani ya sikio la Mwalimu kwenye kioo. Upande wa chini lilijibu vizuri, kama la kijana. Kuanzia mizunguko elfu mbili kwa sekunde kwenda juu, kimya. Hapakuwa na hata nukta. Na spika, kwa utiifu wake wa kijinga, zilikuwa zimejaza kile kimya kwa kuongeza, na kuongeza, na kuongeza. Kila alipokitengeneza chumba kikawa kizuri zaidi, zilipata nafasi ya kuongeza kidogo tena, mzee akaridhika siku mbili tatu. Kisha sikio likashuka zaidi, na spika zikafika mwisho wa nguvu zake. Sekela hakuwa akitengeneza sebule. Alikuwa akikimbizana na uziwi.

"Hiki kidole ni cha nani?" aliuliza, akionyesha alama ya ridhaa chini ya ramani. Sheria ilitaka kidole gumba cha mwenye sikio.

"Changu," alisema Ikupa. "Nyumba ni yangu. Nilidhani inatosha."

"Hukudhani, dada Ikupa."

Ikupa akaketi kwenye mkono wa kochi. "Haya, sikudhani. Ni mwaka wa pili sasa. Spika ziliponiambia, nilikaa na jambo lile wiki nzima silali. Ningemwambia nini? Baba, shikamoo, wewe ni kiziwi? Wewe unaweza? Basi nikaziruhusu. Na nikaruhusu kuta pia."

"Kuta zipi?"

"Hizi, mpaka za barazani. Zina maikrofoni. Mtu yeyote akizungumza humu ndani, sauti yake inainuliwa na kupelekwa pale alipo Baba. Humu ndani anasikia vizuri kabisa. Tunaongea naye, anacheka. Hajui."

"Na nje? Kanisani je?"

"Kanisani anasema vijana wa siku hizi wanakula maneno." Ikupa alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Mwezi uliopita alimfukuza Tumpe kwaya. Mbele ya watu wote. Alisema anafungua mdomo tu, hatoi sauti. Miaka tisa yule binti anaongoza sauti ya kwanza. Sasa haji hata ibada."

Sekela aliijua sauti ya Tumpe. Ndiyo iliyokuwa ikimkata kichwa kwenye kile kiti dakika tano zilizopita.

Alitaka kupiga kitu. Ukuta, sanduku, mtu. Mwezi mzima wa mablanketi na sponji! Makanisa sitini na mawili, watoto wamekaa mabenchi ya mbele, na saa kumi spika zote zitaanza kuwachoma masikio kwa jina la mtu anayeheshimika kuliko wote wilayani. Na akikataa, ataandika sababu gani?

"Mdogo wangu, nisikilize," Ikupa alisema taratibu. "Wewe umefundishwa na yeye. Sikio lako ni mtoto wa sikio lake. Chukua ladha yako, uipe jina lake, uitume. Makanisa yatapata muziki mzuri, Baba atakuwa na jina lake, na hakuna atakayeumia. Nani atajua?"

Hapo ndipo Sekela alipokasirika kabisa, kwa sababu lilikuwa wazo zuri. Aliligeuza huku na huku akilitafutia kasoro. Ladha yake mwenyewe ilikuwa ndani ya kioo, safi, imepimwa. Ni kugusa mara mbili tu. Muziki ungekuwa mzuri kweli. Mzee angekufa siku moja akiwa na sikio lake kamili, kama alivyoishi nalo.

Saa tisa na nusu. Akagusa mara mbili. Spika zikaimeza ladha mpya, na jina juu yake likasomeka Mwalimu Ambokile.

*

"Bado kidole chako tu, Mwalimu," alisema Sekela mzee alipoingia, akamnyooshea kioo bila kumtazama usoni.

Mzee aliketi kwenye kiti chake, akaweka mikono magotini.

"Siweki kidole kwenye kitu sijakisikia. Nilikufundisha hivyo. Cheza."

Sekela akacheza. Kwaya ikaanza, besi imekaa chini kama msingi wa nyumba, sauti ya tatu na ya pili zikaingia, kisha ya kwanza ikapanda juu yao na Tumpe mbele yao wote. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama upande. Uso ukaanza kukunjamana.

"Wanaanza lini?"

"Nani, Mwalimu?"

"Sauti ya kwanza. Wamechelewa ubeti mzima. Wako wapi?"

Ikupa alikuwa amesimama nyuma ya kiti, akimtikisia Sekela kichwa. Sekela angeweza kusema kanda ni mbovu. Mtu huyu alikuwa ameketi mbele yake akimuuliza swali la kazi, fundi kwa fundi, na yeye alikuwa anapanga uongo wa pili kabla wa kwanza haujapoa.

"Wanaimba, Mwalimu," alisema. "Wanaimba tangu mwanzo."

Kisha akagusa kioo na kuzima kuta, akayarudia maneno yaleyale.

Mzee aliinua uso. "Unasema nini? Mbona unanong'ona?" Akageuka kwa bintiye. "Ikupa, mbona mnanong'ona?" Ikupa alikuwa akilia na kuzungumza kwa pamoja, na mzee akamtazama mdomo ukienda bila kupata kitu. "Umeziharibu!" alimgeukia Sekela, sauti imepanda. "Nilizozizoea umeziharibu! Rudisha!"

Sekela akawasha.

"…nisamehe Baba, nisamehe," sauti ya Ikupa ilikuwa ikisema, kubwa, karibu.

Mzee akanyoosha mkono kuomba kioo, na Sekela akamwonyesha pa kugusa.

"Ikupa, taja miezi."

"Januari, Februari…"

Akazima. Midomo ya Ikupa ikaendelea. Akawasha. "…Mei, Juni." Akazima. Akawasha. Alifanya hivyo mara sita, taratibu, kwa uangalifu, kama alivyokuwa akimjaribu mtoto mpya wa kwaya asiyemwamini. Mara ya sita aliacha zikiwa zimewaka, akasoma ramani ya sikio lake kwa muda mrefu. Hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amesoma noti maisha yake yote.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili," alisema Ikupa.

"Na kila aliyeingia humu alijua?"

Sekela alitegemea mzee atapiga kelele, na alitamani apige. Badala yake aliomba kwa sauti ndogo, "Nirudishie ile ya kwanza. Ile yangu."

Sekela akairudisha ladha ya sindano na kucheza wimbo uleule. Yeye aliziba masikio, lakini mzee alifumba macho, na sauti ya kwanza ilipoingia akainua kidole kimoja hewani, palepale kwenye noti.

"Huyo ni Tumpe."

"Ni yeye, Mwalimu."

"Alikuwa anaimba." Kidole kikashuka. "Nilimwambia mbele ya watu kwamba ananiigizia, kumbe mtoto wa watu anaimba."

Saa kumi kasoro dakika tano kioo kikaanza kulia, shirika linaulizia ladha. Sekela alimtazama mzee. Alijua anachotakiwa kuandika, ila mkono ulikataa.

"Andika," alisema mzee, "kwamba Ambokile hana sikio la kumwazima mtu. Andika hivyohivyo, usipambe." Akasimama. "Ile uliyoipa jina langu ifute. Kama wanaitaka yako, waichukue kwa jina lako, nawe ujibu ukiulizwa. Na leteni kofia yangu."

"Unakwenda wapi, Baba?" Ikupa aliruka mbele yake. "Nje hakuna kuta!"

"Ndiyo maana nakwenda," alisema mzee. "Nimekaa humu ndani vya kutosha."

*

Kwa kina Tumpe hapakuwa mbali, dakika kumi kwa mguu kando ya mashamba ya chai. Sekela alimfuata bila kualikwa. Ikupa alikuwa amebaki mlangoni, ameshindwa kwenda na ameshindwa kurudi ndani. Njiani gari la umeme lilitokea nyuma yao, likapiga honi nyembamba mara mbili, na mzee akaendelea kutembea katikati ya barabara vilevile. Sekela alimvuta kwa mkono wa koti. Gari lilipita, na mzee akalitazama likienda, akapandisha kola. Kutoka pale aliuacha mkono wa Sekela uendelee kulishika lile koti.

Mzee alikuwa amekasirika naye, hilo Sekela aliliona, na hakumlaumu. Naye alikuwa amekasirika, lakini hasira haikuwa tena na pa kwenda. Spika zilikuwa zimefanya kazi yake. Binti alikuwa amempenda baba yake. Yeye alikuwa ameheshimu kiti. Kila mmoja alikuwa amefanya jambo jema, na mwisho wake binti wa watu kafukuzwa kwaya kwa kosa la kuimba.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali ya kuchoma, mlango umefunguliwa nusu na pazia limeshushwa. Mzee alivua kofia, akajiweka sawa koti.

"Kaa nyuma," alimwambia Sekela. "Hili ni langu." Kisha akapaza sauti, ile sauti yake ya mbele ya kwaya: "Hodi!"

"Karibu!" ilijibu sauti kutoka ndani kabisa, huko uani, nyembamba na safi.

Mzee alisubiri. Kofia aliishika kwa mikono miwili.

"Hodi hapa!"

"Karibu ndani!"

Alisubiri tena. Sekela aliona shingo ya mzee ikikaza, kichwa kikiinama upande kama alivyokuwa akikiinamisha mbele ya watu themanini, akitafuta. Mara ya tatu aliita kwa upole zaidi, karibu kama anayeomba.

"Hodi, Tumpe. Ni Mwalimu."

Ndani kitu cha bati kiliwekwa chini. Kisha ile sauti ikasema, ikitetemeka, "Karibu, Mwalimu."

Mzee alisimama pale kama dakika nzima. Hatimaye akavaa kofia yake na kugeuka, macho yamejaa.

"Amekataa," alisema. "Ana haki. Nimeita mara tatu. Twende zetu."

Sekela aliwahi, akamshika bega, akausogeza mdomo mpaka kwenye sikio lake, akaishusha sauti chini kabisa, kule ambako lilikuwa bado linajibu.

"Amekukaribisha, Mwalimu. Mara zote tatu."

Mzee alimtazama mdomo, si macho. Akalitazama lile pazia, ambalo sasa lilikuwa likitikisika, mtu anakuja. Alivua kofia tena, nayo ikamponyoka na kuanguka. Hakuiokota.

"Basi tangulia wewe," alisema, "uwe unaniambia anachosema."